Ulimi Kabla ya Mkono



Ndugu zangu katika imani, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwislamu ni yule ambaye wenzake wamesalimika na ulimi wake na mkono wake. Ulimi kautanguliza. Hadithi hii tumeisoma tangu madrasa, lakini mpangilio wake ulinikaa rohoni nilipokuwa safarini Rwanda.

Ukitokea Ngara unavuka Kagera kwenye daraja la Rusumo. Mwishoni mwa Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakiendelea, watu wapatao 250,000 walivuka hapo wakikimbilia Tanzania kwa muda wa saa 24 tu, na mto ule ulikuwa ukichukua maiti hadi Ziwa Victoria. Leo ng'ambo ya pili utakuta barabara safi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu hutoka na majembe na mafagio kwa kazi ya pamoja, umuganda. Wageni wengi hurudi makwao wakisifia usafi, na wana haki. Ila wapite na Gisozi, pale Kigali, walipozikwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa, kisha ndipo wasimulie.

Sasa tazama mpangilio. Desemba 1990 gazeti la Kangura lilichapisha amri kumi kwa Wahutu, mojawapo ikiwataka waache kuwahurumia Watutsi. Julai 1993 redio ya RTLM ikaanza kurusha matangazo: muziki mzuri, mizaha, na katikati ya mizaha jirani anaitwa inyenzi, mende. Watu walicheka. Aprili 1994 mapanga yakaanza, na redio ikawa inataja watu kwa majina na mahali walipo. Ulimi ulifanya kazi miaka mitatu na zaidi. Mkono ukamaliza kwa siku zipatazo 100.

Na tusijisifu upesi. Mhariri wa Kangura, Hassan Ngeze, jina lake ni la kwetu, naye ni Mwislamu. Mahakama ya kimataifa iliyokaa hapa Arusha ilimtia hatiani mwaka 2003.

Lakini nenda Biryogo, Kigali, penye misikiti na chapati na Kiswahili kibarazani. Waislamu wengi wa huko waliwaficha Watutsi majumbani na misikitini, hali wakijua adhabu ya kumficha mtu ni kuuawa pamoja naye. Kwa nini wao? Imani, bila shaka. Suratul Maida aya ya 32 inatufunza kwamba aliyeiokoa nafsi moja ni kama aliyewaokoa watu wote. Mimi naongeza jambo jingine, na hili ni rai yangu. Enzi za Wabelgiji Waislamu hao walitengwa kwenye makambi ya Waswahili, wakahesabiwa wageni ndani ya nchi yao. Aliyewahi kubandikwa jina anajua uchungu wake.

Sisi je? Allah ametukataza katika Suratul Hujurat, aya ya 11, kudharauliana na kuitana majina mabaya. Nasi tuna "wa kuja", tuna "si mwenzetu", na humu misikitini tuna "mzushi" kwa kila anayeswali tofauti kidogo. Abu Dharr, sahaba mkubwa, alimtusi mtu kwa weusi wa mama yake, na Mtume akamwambia kuwa bado ana chembe ya ujahili. Huyo ni Abu Dharr! Wewe ukisambaza ile sauti ya matusi kwenye kundi la WhatsApp la mtaa na kuongeza vikatuni vya kicheko, unajiweka wapi?

Limebaki la msamaha. Mahakama za vijijini, gacaca, zilisikiliza kesi zaidi ya milioni 1.9 hadi zilipofungwa mwaka 2012. Waliomaliza vifungo walirudi kwenye vilima vilevile, na leo muuaji na mjane wanachota maji kwenye bomba moja. Hapo namkumbuka Wahshi, aliyemuua Hamza, ami yake Mtume, kwa mkuki siku ya Uhud. Alipokuja kusilimu, Mtume aliukubali Uislamu wake. Hakumtukana, hakulipiza. Ila alimwomba, kama ataweza, asimwonyeshe uso wake.

Huyo ni Mtume wa rehema, na moyo wake ulikuwa na kidonda. Basi ukijaaliwa kufika Rwanda, usimuulize mjane kama amesamehe, wala usimuulize yeyote kabila lake. Halimo tena kwenye kitambulisho, na wewe hulihitaji kwa lolote. Msalimie, swali naye ukimkuta msikitini, na akitaka kusimulia mwenyewe, msikilize.