Moto wa Kutazamwa

Katika nchi za baridi kama Uingereza na Kanada huuzwa meko ya gesi ya mapambo. Hayapikiwi. Ndani yake kuna magogo ya kauri yasiyoungua, na gesi hupita chini yake ikitoa ndimi za manjano ili sebule ipendeze. Wauzaji husema ni rafiki wa mazingira, kwa kuwa hayana moshi wala jivu, wala hakuna mti unaokatwa. Swali langu ni moja: urafiki huo umelinganishwa na nini?

Ukilinganishwa na makaa ya mawe, wanasema kweli. Desemba 1952 moshi wa makaa hayo, sehemu yake ukitoka majumbani, ulichanganyika na ukungu ukaifunika London kwa siku 5, na maelfu ya watu wakafa. Mwaka 1956 ikapitishwa Sheria ya Hewa Safi, na miaka iliyofuata kaya nyingi zikahamia kwenye gesi na umeme. Gesi ilipata sifa yake hapo, na iliistahili.

Lakini leo nyumba nyingi za huko zina mabomba ya maji moto yanayopasha joto kila chumba. Moto wa mapambo unaongezwa juu ya joto ambalo tayari lipo. Ukizimwa, hakuna atakayetetemeka. Kwa hiyo mshindani wake si kuni tena, ni kutowasha moto kabisa, na huyo gesi haimshindi. Kilo 1 ya gesi ya mtungi ikiungua hutoa takriban kilo 3 za hewa ya ukaa. Gesi ya bomba nayo ni methani kwa sehemu kubwa, na ikivuja njiani hupasha dunia zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule, kwa kipimo cha miaka 20. Tena meko yaliyo wazi hupeleka joto lake jingi dohanini, yakivuta na hewa ya chumba iliyokwisha kupashwa. Waswahili husema afadhali ya Musa kuliko ya Firauni. Hapa Firauni aliondoka zamani, na Musa bado anasifiwa kwa kulinganishwa naye.

Mwanafalsafa Henry Shue, katika makala yake ya mwaka 1993, alitenganisha hewa chafu ya kujikimu na ile ya anasa. Tofauti hiyo haikunisumbua kuielewa, maana natoka Kabale, milimani kusini-magharibi mwa Uganda, ambako usiku wa Julai watu huota moto kwa sababu ya baridi na hupikia kuni au makaa ya sigiri. Mama anayeiacha sigiri akanunua mtungi wa gesi naye anachoma nishati ya kisukuku. Lakini chakula lazima kipikwe, na kwa gesi mapafu yake yanapata nafuu, msitu pia. Kwake neno "rafiki" lina mizani.

Mwenzangu mmoja darasani alinipinga: uzuri nao ni haja ya binadamu, mbona hatukatazi taa za harusini? Hoja hiyo siidharau. Mzee anayeishi peke yake majira ya baridi pengine hupata kwenye moto ule utulivu ambao bomba la maji haliwezi kumpa. Sisemi apokonywe. Nasema uitwe anasa, ambayo mwenyewe analipia gesi yake tu, na madhara mengine wanayalipia watu ambao hawajawahi kuketi mbele yake.

Tena siku hizi yapo meko ya umeme ambayo miali yake ni taa tu. Hayahitaji dohani, na ukitaka huwashwa bila joto lolote. Kama haja ni mandhari, yanatosha. Anayeyakataa kwa kuwa si moto wa kweli ananionyesha kwamba anachonunua ni kule kuungua kwenyewe.