Nani Atatengeneza Paa?

Katika miji ya reli ya Katanga, nyumba ilikuwa sehemu ya mshahara. Mtu aliyeajiriwa na BCK, kampuni ya reli iliyoundwa mwaka 1906, alipata mlango wa kufunga, posho ya unga, zahanati ya mtoto na nafasi ya shule. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, ikasimama hapo miaka kadhaa, kisha ikaendelea kupitia huku kwetu Kabondo-Dianda na Kamina hadi Ilebo, zaidi ya kilomita 1,100. Mwaka 1928 Mfalme Albert wa Ubelgiji akaja kuifungua. Kando ya njia ile zikaota nyumba za wafanyakazi, na ukubwa wa nyumba ulikuambia cheo cha aliyelala ndani.

Siisifu enzi ile. Aliyefukuzwa kazi alifukuzwa na nyumbani, yeye na watoto wake, na kampuni iliyompa unga ndiyo iliyomwambia aishi vipi. Wazee wetu walijenga reli ya wengine na wakalala katika nyumba ambazo hawakuweza kuziita zao. Lakini paa likivuja, ulijua unakwenda kubisha wapi. Mwenye kukukata mshahara kwa ajili ya nyumba alikuwa ndiye mwenye kuleta mabati na misumari.

Uhusiano huo ndio uliokatika, na haukukatika siku moja. BCK ikawa KDL, mwaka 1974 ikawa SNCZ, katikati ya miaka ya 1990 ikaja Sizarail, kisha SNCC tunayoijua leo. Kila jina jipya lilikuta treni zimepungua kuliko jina lililotangulia. Mishahara ikacheleweshwa miezi na miezi, hata Benki ya Dunia ilipoidhinisha mradi wake mkubwa wa uchukuzi mwaka 2010, sehemu ya shughuli ikawa kuwalipa wafanyakazi wa reli waliokwisha kuzeeka ili waende kupumzika. Shirika linaloshindwa kumlipa dereva wa treni halitatuma fundi wa kuziba paa la mjane wa mpiga ishara. Nyumba zikaachiwa waliomo. Wastaafu wakabaki ndani wakisubiri malipo yao ya mwisho. Wengine wakakodisha chumba kimoja ili wapate unga, na aliyekodi naye akakata chumba kwa pazia akamkaribisha mwingine.

Dola nayo ilikuwa na mpango wake wa nyumba. Mwaka 1952 Wabelgiji waliunda Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyojulikana kama OCA, ikajenga mitaa mizima Léopoldville, Élisabethville, Bukavu na Usumbura. Baada ya uhuru ikaja ofisi ya taifa ya makazi, nayo ikafa. Mji mdogo wa kituo kama wetu haukuonja sana matunda ya hizo zote mbili. Kwa hiyo tunapozungumza hapa juu ya nyumba za watu wa kipato kidogo, tunazungumza juu ya mabaki ya kampuni, na vyumba vinavyopangishwa na watu ambao wao wenyewe ni maskini.

Na hapo ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo maumivu yalipo, nayo yanaanzia kwenye fedha zisizotufikia.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 48, inasema haki ya makao yenye heshima imehakikishwa, pamoja na maji safi na umeme. Kifungu cha 175 kinasema majimbo yapate asilimia 40 ya mapato ya taifa, tena zikatwe palepale yanapoingia, zisizunguke kwanza Kinshasa. Sheria ya mwaka 2008 juu ya serikali za chini ikaongeza kwamba sehemu ya fungu hilo la jimbo, asilimia 40 yake, ishuke hadi mijini, kwenye komini, sekta na usultani. Ukizisoma sheria hizo unaona bomba lililochorwa vizuri kutoka mtoni hadi kwenye ndoo ya mama. Miaka inapita, na asilimia 40 ile haijawahi kukatwa palepale kama ilivyoandikwa. Kinachoshuka huitwa retrosesheni, na hushuka kidogo, kwa kuchelewa, pengine kisishuke kabisa.

Mwaka 2015 Katanga iligawanywa majimbo manne. Lualaba ikaondoka na migodi ya Kolwezi na Fungurume, nayo Haut-Katanga ikaondoka na Lubumbashi. Kanuni ya Migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inaipa serikali ya chini yenye mgodi asilimia 15 ya mrabaha, na wenzetu wa huko wameona angalau fedha hizo zikitajwa kwenye bajeti zao. Kwetu Haut-Lomami kinachopita zaidi ni mahindi, mihogo na samaki wa maziwa ya Upemba. Mali hiyo inabebwa kwa baiskeli na kichwani, na inatozwa njiani kabla haijafika kwenye behewa.

Fedha za juu zisipofika, ofisi ya chini haifungi mlango. Ina makarani, nao wana watoto. Ina karatasi za kununua na wageni wakubwa wa kupokea. Basi inatazama kilicho karibu na mkono wake: meza ya sokoni, baiskeli, lori, na nyumba. Leo ni mchango wa usafi, kesho kibali, keshokutwa faini ya choo kisichofikia kipimo. Mwenye nyumba anatozwa, naye anapandisha pango. Simlaumu haraka, kwani mara nyingi ni mstaafu au mjane anayeishi kwa vyumba viwili vya nyuma. Lakini mpangaji hana wa kumsukumia mzigo. Mama anayeuza unga kwa kipimo cha kopo hawezi kupandisha bei ya kopo kila mara ofisi inapoishiwa. Anapunguza alichokuwa akila. Anamtoa mtoto mmoja shuleni, na mara nyingi sana huyo mtoto ni msichana.

Kisha mvua ya Novemba inaanza. Mama huyohuyo aliyelipa pango na mchango wa usafi ananunua nailoni ya kuziba paa, analipa kijana wa kuchimba mfereji uani, anasubiri maji kwenye kisima alichochangia. Amelipia nyumba mara mbili, mara ya kwanza kwa pesa aliyowapa watu na mara ya pili kwa kazi ambayo watu hao walipaswa kuifanya. Hilo ndilo ninaloliona kuwa ni dhuluma, na sitaki kulitafutia neno laini. Tozo inayopanda huku huduma ikishuka imekoma kuwa mchango wa raia.

Wenzetu wa nchi tajiri hawajakingwa. Uingereza ilipunguza kwa miaka mingi, kuanzia 2010, ruzuku ambayo serikali kuu huyapa mabaraza ya miji. Septemba 2023 baraza la Birmingham, mojawapo ya makubwa kabisa Ulaya, likatangaza kwamba haliwezi kusawazisha vitabu vyake. Lilikuwa na makosa yake pia, yakiwemo madai ya wanawake waliolipwa chini ya wanaume, na mfumo wa kompyuta uliogharimu kupita kiasi. Aprili 2024 kodi ya baraza huko ikapanda kwa karibu asilimia 10, huku maktaba na huduma za vijana zikipunguzwa. Wakazi walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini walijua ni kiasi gani, kimepitishwa na nani, katika kikao cha siku gani, na wangeweza kumsubiri diwani wao kwenye sanduku la kura. Sisi tunapunguziwa bila siku wala kikao. Mpangaji wa Kabondo-Dianda hajui hata kwamba kuna fungu lake lililokwama, kwa hiyo anadhani umaskini wa ofisi ni kama ukame, jambo la Mungu.

Siyo jambo la Mungu. Katika komini za Bukavu, Kivu ya Kusini, zaidi ya miaka 10 iliyopita, raia waliitwa kukaa na viongozi wao kupanga fedha chache zilizokuwepo zifanye nini, kwa mfano uliozaliwa Porto Alegre, Brazil, mwaka 1989. Walioona kalvati limejengwa kwa kodi yao walianza kulipa kwa moyo zaidi. Fedha hazikuwa nyingi huko pia. Kilichobadilika ni kwamba zilihesabiwa mbele ya watu.

Ofisi zetu za hapa zinaweza kuanza kesho bila kusubiri Kinshasa. Kabla ya kupandisha mchango wowote unaogusa nyumba, zitangaze sokoni mchango wa zamani ulifanya nini, na mpya utatengeneza kitu gani, mtaa upi. Kila anayelipa apewe risiti yenye namba. Aliye mjane, mlemavu au mstaafu anayesubiri malipo yake asitozwe faini ya nyumba ambayo si yake. Wabunge wa jimbo, wanapokutana Kamina, waulize kila mwezi retrosesheni imefika kiasi gani, na jibu lisomwe redioni.

Na sisi wapangaji tunayo sheria ambayo wengi hatujawahi kuisikia, ile ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba. Inasema dhamana ya nyumba ya kuishi isizidi pango la miezi mitatu. Watu wanadaiwa miezi sita, hata zaidi, wanauza mbuzi na cherehani ili waingie. Itafsiriwe Kiswahili na Kiluba, kurasa chache tu za yale yanayomhusu mpangaji, ibandikwe kituoni, sokoni na kwenye milango ya makanisa. Walimu wetu wanaweza kuifanya kazi hiyo katika juma moja la likizo, na asiyejua kusoma asomewe Jumapili baada ya ibada.