Bei ya Vidole

Je, mtu aliyeponea chupuchupu kufa ana haki ya kulilia vidole vyake? Wengi hujibu haraka: ashukuru Mungu, ganzi haiui. Nadhani jibu hilo ni rahisi kwa mtu asiyeishi kwa mikono yake.

Kwetu Bariadi, mkoani Simiyu, pamba huchumwa kwa mkono. Vidole hupenya kati ya ncha kavu za kitumba, hutoa pamba, kisha hutenga safi na fifi. Shangazi yangu amefanya kazi hiyo tangu utotoni. Alipougua saratani ya titi alitibiwa Mwanza kwa dripu za paklitakseli, na uvimbe ukanywea. Lakini baada ya dripu ya tatu vidole vilianza kumchomachoma, kisha vikafa ganzi. Kandambili ilikuwa ikimvuka mguuni asijue. Alinyamaza. "Ningesema, wangenikatia dawa," aliniambia baadaye.

Ndani ya mishipa ya fahamu mna vijirija vinavyosafirisha mahitaji kutoka kiini cha seli, karibu na uti wa mgongo, hadi ncha za vidole. Paklitakseli hugandisha vijirija vya aina hiyo ili seli ya saratani isigawanyike, na mishipa nayo huumia. Mirefu zaidi ndiyo hutangulia, kwa hiyo ganzi huanzia vidoleni.

Je, kuna kinga? Mwongozo wa mwaka 2020 wa ASCO, chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, haupendekezi dawa yoyote ya kuzuia madhara haya. Unaonya hata dhidi ya asetili-L-karnitini, kirutubisho kilichowahi kutumainiwa. Kilichobaki mkononi mwa daktari ni kuahirisha dozi, kuipunguza, kubadilisha dawa au kuisimamisha. Na kwa kuwa ganzi haionekani kwenye kipimo cha damu, hatua hiyo hutegemea neno la mgonjwa.

Hapo ndipo penye ugumu. Dozi ikipunguzwa, huenda nafasi ya kupona nayo ikapungua. Wapo wanaosema uamuzi wa namna hiyo aachiwe daktari, maana uhai ni mkubwa kuliko kidole. Ni kweli, lakini uhai na kidole ni vya mtu mmoja. Anayetoa kitu chake kwa hiari na anayenyang'anywa hubaki mikono mitupu wote wawili. Aliyetoa, hata hivyo, aliulizwa kwanza.

Nilimuuliza shangazi: angejua mapema, angeomba dozi ipunguzwe? Alifikiri kidogo. "Hapana. Nina watoto." Pengine basi vidole vyake vingepotea vilevile. Hata hivyo alistahili kuulizwa kabla ya kila dripu: Mama, unaweza kufunga vifungo? Unaishika sindano? Ukikanyaga chini, unahisi? Na aambiwe waziwazi kwamba kujibu si kukataa tiba.