Kasongo, Simama Useme

Sokoni Kasongo, hapa Maniema mashariki mwa Kongo, mama mmoja alikuwa akinipimia karanga. Kabla sijalipa akaokota moja kutoka gunia la jirani, akaiweka sikioni, akaitikisa. Kimya. Akachukua ya kwake, akaitikisa: kacha, kacha. "Umesikia? Ile ingali na maji ndani. Ukiifungia kwenye gunia leo, mwezi ujao ni kuvu, na kuvu hiyo inakula maini ya mtoto polepole." Akaendelea. Kwa nini anaanika juu ya mkeka wala si juu ya udongo mtupu, anazigeuza mara ngapi kwa siku, na jinsi mvua ya dakika tano inavyoharibu kazi ya wiki nzima. Wanunuzi wakasimama, tukawa sita, saba, wala hapana aliyeondoka. Nikamwambia: mama, maneno haya yanafaa kusemwa jukwaani, mbele ya watu wa Kindu na Bukavu na Kinshasa. Akacheka, akajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. "Papa, mimi siko mtu wa kusema."

Neno hilo ndilo ninalopigana nalo leo.

Nimelisikia kwa mwalimu wa Kabambare anayefundisha kujumlisha kwa vijiwe vya mto kwa sababu chaki imekwisha. Nimelisikia kwa kijana anayefufua pikipiki chini ya mwembe kwa vipande vya pikipiki nyingine tatu. Nimelisikia kwa mkunga, kwa mvuvi wa Lualaba, kwa msichana aliyemaliza masomo na kurudi nyumbani kupepeta mchele. Wote wana jambo, na kila siku wanalitenda kwa mikono yao. Waombe walieleze mbele ya watu, wanarudisha kichwa ndani kama kobe. Ndugu zangu, mnauita unyenyekevu. Mimi nakataa. Hayo ni mazoea ya watu waliosemewa muda mrefu mno.

Utazameni mji wetu. Hapa ndipo Hamed bin Muhammad el Murjebi, yule aliyeitwa Tippu Tip, alipoweka makao yake wakati Maniema ilipotawaliwa kwa bunduki, pembe za ndovu na minyororo. Alipozeeka Unguja aliandika maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Yanasomwa mpaka leo. Sasa niambie: wale waliopitishwa Kabambare wakiwa wamefungwa shingo kwa shingo kwenda Ujiji na pwani, unaweza kumtaja nani kwa jina? Mwenye mnyororo alisema. Waliovaa mnyororo tunawahesabu tu.

Tena si zamani hizo peke yake. Katika miaka ya 1970 ilifanya kazi hapa kwetu timu ya Mradi wa Kasongo, ikishirikiana na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji. Mwaka 1981 jarida la The Lancet la London lilichapisha utafiti wao juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo wenye umri wa miezi 7 hadi 35. Waliuliza swali zito: mtoto aliyenusurika surua, je, anaishi kweli, au udhaifu wake unamkabidhi kwa ugonjwa mwingine baadaye? Swali hilo likazua mjadala mkubwa kwa watu wa afya wa nchi nyingi, kama chanjo peke yake inatosha au panahitajika huduma nzima karibu na watu. Ni kazi ya heshima, nami najivunia kwamba ilifanyika kwetu. Lakini mama aliyemfunga mtoto mgongoni akatembea kwa miguu mpaka kituo cha afya, yeye yumo mle kama tarakimu. Alikuwa na la kusema juu ya safari ile. Hatukumsikia.

Basi Waislamu na Wakristo wa mji huu, nawapeleka kwa nabii mmoja tunayemheshimu sote. Musa alipotumwa kwa Farao alisema ulimi wake ni mzito. Wakristo mnajua kwamba hakusamehewa safari; alipewa ndugu yake Haruni wafuatane. Waislamu mnajua dua aliyoomba, kwamba fundo la ulimi wake lifunguliwe ili watu waelewe. Litazameni ombi lile. Hakuomba sauti tamu wala sifa ya msemaji. Alitaka waelewe, basi. Nawe uliye na ulimi mzito huna udhuru ambao Musa hakuwa nao.

Na leo majukwaa yapo. Kuna mikutano ya hotuba fupi ambayo mtu hupanda, akaeleza wazo moja, akashuka. Ule unaojulikana kuliko yote, TED, ulianza Marekani mwaka 1984, na sheria yake ni dakika 18 zisizopita. Tangu 2009 wenyeji wa mji wowote wanaweza kuomba kibali cha kufanya wa kwao, unaoitwa TEDx, na kibali hakilipiwi. Mwombaji awe mkaaji wa mji anaouombea. Kama hajawahi kuhudhuria mkutano mkuu wa TED, wasikilizaji wake ukumbini wasizidi 100. Mia moja! Ukumbi wa parokia unawatosha, madarasa mawili ya shule yakifunguliwa ukuta yanawatosha. Lugha si lazima Kiingereza wala Kifaransa. Msemaji halipwi, wala halipi. Shikeni hilo la mwisho: akija mtu na simu mbili akakuambia utume dola ili upate nafasi ya kusema, huyo ni mwizi, mwache apite.

Mtasema haya ni ya watu wa miji mikubwa. Nisikilizeni. Mwaka 2007 mkutano wa TED ulifanyika Arusha, Tanzania, na kati ya waliopanda jukwaani alikuwemo kijana wa miaka 19, William Kamkwamba, kutoka wilaya ya Kasungu nchini Malawi. Kasungu! Herufi mbili tu zinamtenga na sisi. Njaa ilipoipiga nchi yao, wazazi wake walishindwa kumlipia shule, akawa anakwenda maktaba kusoma vitabu. Kwa picha za kitabu akajenga kinu cha upepo, kwa baiskeli iliyovunjika na vyuma vya jaa, akawasha taa nyumbani kwao. Siku ile Arusha maneno yalimwishia. Mwenyeji wa mkutano alimwonyeshea picha na kumwuliza swali moja moja, naye akajibu kwa maneno machache ya Kiingereza alichokuwa nacho. Ukumbi ulimpenda vivyo hivyo, maana kinu kilikuwa kimesimama kweli. Kisha, na hapa ndipo ninapotaka mtulie, mwaka 2009 alirudi kwenye jukwaa la TED huko Oxford, Uingereza, na safari hii alisimulia mwenyewe, tangu mwanzo mpaka mwisho. Kati ya Arusha na Oxford habari ya kinu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni maandalizi ya ulimi wake.

Naye Richard Turere, mtoto wa Kimasai wa kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, alitafuta njia ya kufukuza simba wasile ng'ombe wa baba yake. Akachukua betri kuukuu ya gari, kidude cha kumulikia taa za pikipiki na balbu za tochi, akafanya taa zinazowaka na kuzima kama mtu anayetembea usiku. Mwaka 2013 alisimama kwenye jukwaa la TED huko Long Beach, California, akiwa bado mtoto. Ng'ombe wa baba. Wazo lake lilianzia hapo, zizini.

Sasa tuingie kazini. Fomu ya kuomba nafasi ya kusema itakuuliza wazo lako kwa sentensi moja au mbili, na hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka. Tunaandika "maendeleo ya vijana", tunaandika "amani na umoja". Hayo si mawazo, ni maandishi ya kitambaa cha semina. Wazo lina mtu anayefanya kitu na kitu kinachobadilika. Mama wa karanga analo kamili: karanga isiyolia sikioni isiingie guniani, na hivyo mtoto hali kuvu. Msomee jirani sentensi yako. Akijibu "ndiyo, ni vizuri" na kuendelea kumenya muhogo, ichane uandike nyingine. Akisimamisha kisu akauliza "kivipi?", umefika.

Iandike kwanza kwenye daftari. Mtandao wetu mnaujua, unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, nawe usiandike wazo la maisha yako ukikimbizana nao. Maliza kwa kalamu, halafu siku mtandao ukikubali, au ndugu akienda Kindu, itumwe. Wakitaka picha ya video ya dakika moja, simama kivulini uso ukielekea mwanga, mbali na jenereta, useme kama unavyosema na dada yako. Wakikukatalia, omba tena mwakani. Kukataliwa fomu hakujaua mtu Maniema. Vitu vingine vimetuua.

Ukikubaliwa, hapo ndipo jasho linaanza. Watu wanadhani hotuba fupi ni kazi ndogo. Mwulizeni imamu anayejiandaa kwa Ijumaa: Waislamu hufundishwa kwamba ufupi wa hotuba ni dalili ya ufahamu wa mhubiri. Ufupi unatafutwa kwa kukata, na kukata kunauma. Andika yote, soma kwa sauti huku simu ikihesabu dakika, kisha ondoa shukrani kwa waheshimiwa, ondoa historia ya shirika lako, ondoa kila sentensi uliyoiweka ili uonekane msomi. Kitakachobaki, kisome tena.

Wala usidhani wakubwa walisimama mikono mitupu. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru wa Kongo, Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, hakuwamo kwenye ratiba ya wasemaji. Aliposimama alikuwa na maandishi yake tayari. Alikuwa amempa Thomas Kanza wa serikali yake rasimu aipitie, na Mfalme Baudouin wa Ubelgiji akisema, kalamu ya Lumumba ilikuwa bado inarekebisha. Katika hotuba ile, kati ya mateso makubwa ya ukoloni, alitia neno dogo kabisa la Kifaransa, lile "tu" ambalo Mzungu alimwitia kila mtu mweusi kana kwamba ni mtoto, huku heshima ya "vous" ikibaki ya weupe. Kila mtu mweusi aliyemsikia alikuwa ameitwa hivyo. Neno lenye herufi mbili likabeba miaka 80. Tafuteni neno kama hilo katika habari zenu.

Na Daktari Denis Mukwege alipopokea Nobeli kule Oslo tarehe 10 Desemba 2018, angeweza kuanza na takwimu, maana anazo. Alianza na usiku mmoja, wa tarehe 6 Oktoba 1996, waasi walipoivamia hospitali moja, Lemera, wagonjwa wakiwa vitandani. Dunia ikaingia kwa mlango huo mmoja. Nawe anza na mlango mmoja: gunia, vijiwe, zizi, usiku.

Semeni kwa Kiswahili. Najua mnaonea haya Kingwana, Kiswahili chetu cha hapa, mkisikia cha Unguja mnanyamaza. Acheni! Lugha hii ilifika hapa mikononi mwa wafanyabiashara wa bunduki, mababu wakainyang'anya, wakaifanya ya kubembelezea watoto na kupatanishia majirani barzani. Imelipiwa. Msemaji anayehangaika na Kifaransa cha kuazima anatumia nusu ya akili yake kutafuta maneno. Mwacheni aitumie yote kwa wazo.

Kisha fanya mazoezi mbele ya watu watatu: mmoja anayekupenda, mmoja asiyejua lolote kuhusu kazi yako, na mtoto mmoja. Mtoto hadanganyi, akichoka anaondoka. Angalia aliondoka wapi, hapo pana ugonjwa. Rudia mpaka uweze kusema huku unasukuma baiskeli, mpaka mikono iache kutetemeka, na ikiwa bado inatetemeka, ishikishe kitu. Mama yangu wa sokoni apande na karanga mbili mkononi. Azitikise karibu na kipaza sauti, moja, halafu nyingine. Ukumbi mzima utainama kusikiliza.

Nilirudi kwake wiki iliyopita na daftari la kurasa 32. Alilitazama, akaniambia binti yake ana mwandiko mzuri. Vema. Na wewe unayesoma, usiku wa leo kabla ya kulala andika sentensi yako moja, kesho asubuhi msomee mtu wa nyumbani kwako. Akikuuliza swali, liandike pembeni kabla hujamjibu.