Je, Mbwa Aweza Kuasi?

Mara nyingi twasikia mtu akilalamika, "Mbwa wangu ni mkaidi, namwita haji." Hebu tujiulize: je, mbwa aweza kuasi amri asiyoielewa?

Sisi tuliofundisha miaka mingi twajua ya kuwa neno peke yake halifundishi kitu. Ukitaka mbwa ajifunze kukaa, shika kipande kidogo cha nyama juu ya pua yake, kisha ukisogeze nyuma polepole. Akiinua kichwa kukifuata, makalio yake hushuka yenyewe. Hapo hapo sema "Kaa!" na umpe nyama. Rudia mara chache, dakika tano zatosha, kisha mwache akacheze.

Hapo hapo ndipo penye siri. Mbwa huunganisha malipo na tendo alilolifanya sasa hivi, si la saa iliyopita. Basi, mtu akimwita mbwa aliyetoroka, na akija akampiga, hamwadhibu kwa kutoroka bali kwa kuja. Kesho akiitwa atasimama mbali, nasi tutasema ni mkaidi.

Wengine husema fimbo hufundisha upesi. Ni kweli mbwa aliyepigwa hutulia, lakini kutulia kwa hofu si utii, maana hofu huondoka pamoja na mwenye fimbo. Je, ni haki kudai utii kabla ya kueleweka? Twaona si haki. Mwenye akili zaidi ndiye apaswaye kuwa na subira zaidi. Na tukikubali hayo kwa mbwa, tutayakataaje kwa watoto wetu?