Chupa ya Jikoni na Mgeni wa Miaka Miwili

Mwaka 2025 masika ya Tanga yaliingia pamoja na msururu wa sikukuu. Idd el-Fitr ilikuwa mwisho wa Machi, Siku ya Karume Aprili 7, Pasaka Aprili 20, Muungano Aprili 26, na kabla watu hawajavuta pumzi, Mei Mosi. Kwa familia ninayoisimulia hapa, ya Chumbageni, hesabu hiyo ilikuwa na uzito wake: mume ni Mwislamu wa Pangani, mke ni Mkristo wa Lushoto, na nyumba yao ndiyo yenye vyumba vinne na ua wa kutosha. Ukiwa na nyumba ya namna hiyo mjini, ndugu wa pande zote mbili hawakuulizi kama una nafasi. Wanakuuliza tu kituo cha kushukia. Majina yao nayaacha, hayaongezi kitu.

Wa kwanza kufika alikuwa wifi mtu, kutoka Dar es Salaam, na kitinda mimba wake aliyekwisha kutimiza miaka miwili. Alikuja kula Idd, akabaki. Siku tatu zikawa wiki, wiki zikawa tatu, na hakuna aliyethubutu kuhesabu, kwa sababu wifi hahesabiwi siku. Ijumaa Kuu wakateremka wa Lushoto na magunia ya viazi, karoti na maharage: wazazi wa mke, dada zake wawili, na watoto wao. Bibi wa Pangani, upande wa mume, aliwapokea mlangoni kwa ile methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone. Usiku huo mikeka ilitandikwa sebuleni kutoka ukuta hadi ukuta, na aliyetaka kwenda msalani alipita kwa kunyata juu ya vichwa vya watu.

Lazima niseme kwamba familia hii si ya watu wazembe. Baada ya Idd waliwapeleka watoto kwenye Mapango ya Amboni, kaskazini mwa mji, kule ambako ukishaingia ndani ya mawe ya chokaa giza ni giza kweli na tochi ya mwongozaji ndiyo jua lako. Baba alihesabu vichwa kila walipotoka kwenye upenyo mwembamba, mara ya mwisho akahesabu kwa sauti hadi watalii wengine wakacheka. Walipokwenda kuogelea Raskazone, mjomba alisimama ndani ya maji yakimfika kifuani, mikono ameitanua kama golikipa, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kupita nyuma yake. Pango na bahari tunaviogopa tangu utotoni, na hofu hiyo inatufanyia kazi nzuri. Nyumbani tukirudi tunavua viatu, na hofu tunaivua humo humo.

Sasa tuingie jikoni, maana huko ndiko mambo yalikokuwa.

Gesi iliisha Jumamosi Kuu jioni, na kwa sikukuu kama ile wakala wa jirani alikuwa hana mtungi hata mmoja. Haikuwa balaa. Pilau ya watu wengi hupikwa kwa mkaa barazani, na mkaa ulikuwapo. Tatizo ni kwamba gunia lilikaa chini ya bati linalovuja, mkaa ukalowa. Mkaa uliolowa kila mtu anajua dawa yake: unamwagia mafuta ya taa kidogo, unasubiri yanywee, unawasha kiberiti. Nyumba nyingi za mjini siku hizi hazina tena taa ya chemli wala jiko la mafuta, lakini chupa ya mafuta ya taa haikosekani msimu wa mvua, kwa kazi hiyo moja.

Na chupa yenyewe? Ni ile ile iliyokuwa ya maji ya kunywa, ya nusu lita, karatasi yake ya bluu bado imeng'ang'ania ubavuni. Mafuta ya taa hayana chupa yake. Mwaka 2011 serikali iliyapandishia kodi ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na tangu hapo si bidhaa ya kununua kwa debe. Mtu anakwenda dukani na shilingi zake chache, anapimiwa kidogo kwenye chochote alichokuja nacho mkononi. Anachokuja nacho ni chupa ya maji au ya soda, kwa sababu ndiyo iliyojaa mitaani.

Siku za kawaida chupa hiyo hukaa juu kabisa ya kabati la jikoni, nyuma ya kopo la unga. Mdogo wa nyumba hiyo ana miaka minne, na ukimwuliza atakuambia bila kusita kwamba ile si ya kunywa. Nilipouliza nani alimfundisha, hakuna aliyekumbuka. Pengine alichapwa kofi la mkono siku moja, likatosha. Kila nyumba ina maarifa ya aina hii: waya usioguswa, mlango unaofungwa kwa kuuinua kidogo, mbwa wa jirani asiyechezewa mkia. Wenyeji wameyazoea hadi hawayaoni tena, na hakuna anayemkaribisha mgeni kwa kumsomea orodha yake. Mtoto wa Dar es Salaam alikuwa amekula, amelala na kuoga katika nyumba ile kwa wiki tatu, na habari ya chupa hakuipata kwa sababu hakuwa akiifikia.

Jumatatu ya Pasaka akaifikia. Juu ya kabati palikuwa pameshahamiwa na masufuria makubwa ya kuazima kutoka kwenye kikundi cha akina mama. Aliyeyapanga aliiteremsha chupa ya mafuta akaiweka sakafuni, kando ya jiko, kwa kuwa ingehitajika asubuhi tena. Hatua mbili tu kutoka hapo palikuwa na katoni iliyofunguliwa ya maji ya safari. Walikuwa wanajiandaa kwenda Tongoni, yapata kilomita ishirini kwa barabara ya Pangani, kuona magofu ya msikiti wa kale na makaburi yake ya nguzo. Mume alikuwa ameliahidi hilo tangu Idd.

Nimewasikiliza wanne kati ya watu wazima waliokuwapo asubuhi ile, na kila mmoja ananihakikishia kwamba alimwona mtoto dakika chache kabla. Mama yake alijua yuko na bibi. Bibi alijua amechukuliwa na binti mkubwa wa Lushoto. Binti alikuwa uvunguni anatafuta kiatu cha mdogo wake, na alidhani mtoto amefuata wanaume kwenye gari. Mke mwenye nyumba alikuwa anakata kachumbari, macho yanamtoka machozi ya vitunguu. Mtoto mwenye walezi kumi na wawili alikuwa peke yake. Lipo na hili, ambalo nililisikia kutoka kwa mmoja tu, kwa sauti ya chini: mtoto aliomba maji, na mtu fulani akamjibu bila kugeuka, "Maji si yale pale, baba." Nani aliyejibu? Hadi leo hakuna.

Kilichosikika ni kikohozi, kile cha kupaliwa, kikifuatwa na kilio. Kilichonukia kila mtu alikijua.

Hapo ndipo wema wa watu wengi ulipofanya madhara ya pili. Shangazi mmoja alimpindua mtoto akamtia kidole kooni. Akatapika. Mwingine akaja na kikombe cha maziwa, eti yanakata sumu. Jirani akaruka ukuta na mawese. Mtoto akatapika tena, safari hii maziwa na mafuta kwa pamoja, mengine yakimtoka puani. Walipomaliza walimfuta uso, na gauni lake, ndiyo, alikuwa binti, sikusema, wakaliacha mwilini likiwa limelowa mafuta yale yale, ambayo hubabua ngozi.

Ingefaa kila mama na kila mjomba ajue kinachotokea mwilini, kwa kuwa kinakwenda kinyume na tunavyodhani. Mafuta ya taa yakiingia tumboni hayaleti hatari kubwa sana kwa kiasi cha funda moja. Hatari yake ni mapafu. Ni maji maji mepesi mno, yanateleza na kutambaa, na tone likikosea njia likaingia kwenye koo la hewa husambaa haraka hadi kwenye vifuko vidogo vya pumzi na kuviunguza. Mtoto anapokohoa wakati wa kunywa, huenda baadhi yamekwisha kupita huko. Ukimtapisha, unayapitisha tena karibu na mlango ule ule. Maziwa hayakati chochote, yanajaza tumbo na kuongeza kutapika. Mawese vile vile. Hata ule unga wa mkaa wa dawa, ambao hospitali huutumia kwa baadhi ya sumu, kwa mafuta ya taa hautumiki. Kinachofaa ni kidogo hadi kinakera: mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, usimpe kitu cha kumtapisha, chukua ile chupa mkononi, nenda hospitali sasa hivi.

Hawakwenda. Sababu yake naielewa, ingawa siikubali. Baada ya robo saa mtoto alinyamaza, akaomba biskuti, akacheza. Pilau ilikuwa imeiva. Bibi akasema mtoto aliyeomba chakula amepona, na nani abishane na bibi mbele ya wakwe? Nusu ya watu wakaenda Tongoni, wakapiga picha kwenye makaburi. Waliobaki wakamlaza mtoto, na usingizi wake ukapokewa kwa shukrani. Lakini mtoto aliyekunywa mafuta ya taa anaweza kuonekana mzima mwanzoni na mapafu yakaanza kuwaka baada ya saa kadhaa. Ndiyo maana hata asiye na dalili madaktari humtazama kwa saa 6 hivi kabla ya kumruhusu. Hata picha ya kifua ikipigwa mapema mno inaweza kutoka safi.

Magharibi, mama yake alipomgusa, alikuwa wa moto. Pua zinapanuka kila akivuta pumzi, na chini ya mbavu ngozi inabonyea ndani, inaachia, inabonyea. Mvua ilikuwa inanyesha ya kamba, gari lilikuwa bado njiani kutoka Tongoni, na bajaji ya kwanza ilikataa kupita kwenye maji.

Hospitalini daktari wa zamu, kijana, aliuliza maswali matatu. Alikunywa saa ngapi? Walimwambia saa nne asubuhi, naye akatazama saa ya ukutani bila kusema kitu. Mmekuja na chupa? Hapana. Mlimtapisha? Mama wa mtoto akamtazama wifi yake, wifi akatazama sakafu. Akawekewa oksijeni usiku ule. Dawa ya kuyafuta mafuta ndani ya mapafu haipo, alielezwa mama. Kinachofanyika ni kumsaidia apumue huku mwili wenyewe unajitibu. Alikaa wodini siku nne, akatoka mkesha wa Muungano, amekonda lakini anapumua vizuri. Wenyeji walipona kama methali ilivyosema. Aliyeumia ni mgeni.

Wa Lushoto waliondoka kimya kimya Jumanne asubuhi. Mawifi hawakusemeshana. Mume alimuuliza mkewe, mbele ya watu, ni mama gani anaweka mafuta ya taa sakafuni. Mke akajibu kwamba katika siku zote hizo hakumwona yeye akigusa hata kijiko jikoni, kwa hiyo asimfundishe pa kuweka chupa. Nadhani mke alikuwa na haki zaidi. Katika nyumba zetu sikukuu ni mapumziko ya wanaume na kazi ya ziada ya wanawake, kisha likitokea la kutokea, aliyekuwa kazini ndiye anayeulizwa. Wapo pia waliosema yameshapita, ni mapenzi ya Mungu. Sawa, lakini chupa iliteremshwa na mkono wa mtu.

Ipo njia nyingine zaidi ya kulaumiana. Afrika Kusini, ambako mafuta ya taa ndiyo yaliyokuwa nishati ya mamilioni ya maskini, katika miaka ya 1990 watafiti waligawa bure vyombo vyenye kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua. Matukio ya watoto kunywa mafuta yakashuka karibu nusu mahali walipogawa. Walibadilisha chombo.

Mke wa Chumbageni naye amebadilisha. Amenunua kidumu chekundu cha lita moja, kile cha mafuta ya mashine, kinakaa stoo nje, kimetundikwa kwenye msumari, na ufunguo anao yeye. Wageni wa Mei Mosi walipofika, alichowaonyesha kwanza, kabla hata ya msala, ni kile kidumu, wakubwa na watoto pamoja, na mzee mmoja akanung'unika kwamba hajaja Tanga kukaguliwa. Mume sasa ndiye anayetumwa mafuta. Mara ya kwanza alikisahau kidumu nyumbani, akafika dukani mikono mitupu, na muuza duka akainama chini ya meza akamtolea chupa tupu ya soda, bure kabisa, akamwambia, "Chukua hii, bosi, usirudi nyumbani na mvua hii."