Asubuhi alikuwa anatembeaje?

Kwetu Ugogo mvua hukoma mwezi wa nne, na huwa hazirudi mpaka Desemba. Ikifika Oktoba nyasi zimekwisha, korongo limekauka, na mbuzi wanaishi kwa matunda ya migunga na maji ya visima vinavyochimbwa mchangani. Kila wiki malisho yanasogea mbali zaidi na nyumbani. Mwendo unarefuka wakati ambapo mnyama mwenyewe amebaki mifupa.

Oktoba moja ya namna hiyo, nikiwa na miaka 10, nilirudi nyumbani mbuzi mmoja hayupo. Niliwaswaga mbio siku ile kwa sababu wenzangu walikuwa na mechi kwenye uwanja wa shule. Babu alisimama kwenye ua wa tembe yetu akawatazama wakiingia. Hakuwa na desturi ya kuhesabu. Aliwajua kwa rangi, kwa pembe, kwa masikio yaliyochanika. Wa mwisho alipopita, akaniuliza yuko wapi yule mweusi mwenye baka jeupe begani.

Nikamwambia amepotea. Nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba mbuzi yule ni mkaidi, ana tabia ya kujitenga. Babu hakunipiga wala hakupaza sauti.

"Mjukuu wangu, asubuhi alikuwa anatembeaje?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewaandama kutwa nzima na sikujua.

Tulimkuta usiku, kwa mwanga wa tochi, chini ya ukingo wa korongo. Alikuwa amezaa. Mimba ya mbuzi huchukua miezi mitano hivi, na yeyote mwenye macho angeona tangu alfajiri kwamba siku zake zimetimia: kiwele kimejaa, hatua nzito, anasimamasimama. Yeye alikuwa mzito na mimi nilikuwa na haraka. Babu alivua koti, akakifunga kile kitoto, akakipakata kifuani. Mama mtu akafuata akilia. Kila baada ya hatua chache alitaka kulinusa koti, na babu alisimama akamwachia anuse. Fisi walisikika upande wa pili wa korongo. Mimi niliogopa, nikataka twende upesi, lakini babu hakuongeza mwendo hata kidogo. Tulifika usiku wa manane.

Nimesikia mahubiri mengi kuhusu kondoo aliyepotea, na karibu yote yanamlaumu kondoo. Alitamani majani ya mbali, hakusikia sauti, alidharau kundi. Isomeni tena Luka 15. Yesu anamtaja mtu mwenye kondoo 100 aliyepotewa na mmoja, na hapo maneno yanamwelekea mwenye kundi. Yeye ndiye aliyepotewa. Mathayo 18 inasema kondoo alipotea njia, lakini nako sababu haitajwi. Lawama tumeiweka sisi wenyewe, na nadhani tumeiweka kwa sababu wengi wetu hatujawahi kuchunga.

Aliyechunga anajua ni nani huwa hayupo jioni. Ni mwenye mimba, mwenye mwiba katikati ya kwato, mzee ambaye meno yamekwisha, au yule aliyeshikwa na homa ya mapafu na pumzi haimtoshi. Mkaidi yupo, simkani, ila mara nyingi huyo ana nguvu zake na hurudi zizini kabla yako. Tena mbuzi na kondoo huficha maumivu. Hujikaza kutembea na wenzao mpaka miguu ikatae. Ukitaka kumjua mgonjwa mapema, keti nao mchana chini ya mti wakati wamelala wanacheua, umtafute ambaye hacheui. Kazi hiyo inataka utulivu, na mtu mwenye mechi jioni hawezi kuifanya.

Kanisani tuna usemi wetu kwa asiyeonekana tena: amerudi nyuma. Tunausema kwa huzuni ya kweli, na wakati mwingine una haki yake. Lakini mara nyingi mno mtu huyo hakugeuka popote. Alikuwa akielekea kulekule tunakoelekea, akabaki nyuma. Kurudi na kubaki ni mambo mawili, na kwa kuyachanganya tumewaambia watubu watu waliokuwa wanahitaji kubebwa.

Kuna habari katika Mwanzo 33 ambayo sijaisikia ikihubiriwa mara nyingi. Yakobo amekutana na Esau baada ya miaka mingi, na Esau ana watu 400. Anamwalika nduguye waongozane. Yakobo anakataa kwa adabu: watoto ni wachanga, na wanyama wengine wananyonyesha, wakiharakishwa siku moja tu kundi lote litakufa. Esau atangulie, yeye atakwenda polepole, kwa mwendo wa wanyama na wa watoto. Hayo ni maneno ya mtu aliyemchungia Labani miaka 20. Kila ninapoyasoma namwona babu na koti lake.

Zamani ilinisumbua kwamba katika Yohana 10 mchungaji anatangulia na kondoo wanamfuata, maana sisi tulitembea nyuma ya mbuzi wetu. Baadaye nikaona kwamba Zaburi ya 78 inasema Daudi alitolewa nyuma ya kondoo wanaonyonyesha, na Amosi anasema yeye naye alichukuliwa alipokuwa akiliandama kundi. Ukiwa mbele unaijua njia. Ukiwa nyuma unaiona miguu. Bwana wetu anafanya yote mawili, nami naamini hivyo kwa moyo wote. Wasiwasi wangu ni sisi tunaomtumikia, ambao tumependa sana kule mbele. Ezekieli 34 inanitisha: pale Mungu anaanza na wachungaji, anawauliza kuhusu dhaifu wasiyemtia nguvu na aliyevunjika wasiyemfunga.

Nayasema haya nikiwa na deni. Mimi ni katibu wa jumuiya yetu, ndiye ninayeandika mahudhurio. Mama mmoja aliacha kuja mwaka juzi, nami wiki baada ya wiki nikaweka alama kwamba hayupo. Tulimwombea Mungu amlainishe moyo. Miezi minane ilipita kabla sijafika kwake, na nyumba zetu zimetengana kwa mwendo wa dakika 15. Mumewe alikuwa amepata kiharusi. Yule mama alikuwa akimgeuza kitandani mchana na usiku, peke yake. Pesa ya genge lake ilikwenda kwenye dawa, bahasha za ahadi na za jengo zikabaki tupu juu ya kabati, naye akaona aibu kuja mikono mitupu. Hakusema neno la kutulaumu. Alinipa kiti akaniomba radhi kwamba chai haina sukari.

Nikiwa nimekaa pale nilijaribu kukumbuka Jumapili za mwisho alizokuja. Kama alikaa nyuma. Kama aliondoka kabla ya matangazo. Sikukumbuka chochote.

Tangu hapo huwa napita Alhamisi. Baba mwenye nyumba tunamtoa nje pamoja, mimi upande wa kulia, akaote jua la jioni. Michango hatuizungumzi. Wiki mbili zilizopita mama aliniuliza kama ibada ya kwanza bado inaanza saa moja, nikamjibu ndiyo.

Jumapili hakuja. Alhamisi nitapita tena.